Kabureta kwa Land Rover ya petroli: kuifufua Zenith, kununua nakala yake, au kuhamia Weber

Mwenye Land Rover ya zamani ya petroli, ile ya injini ya lita 2.25 yenye silinda nne, hufika siku akaambiwa na fundi kwamba kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, imekwisha na inatakiwa nyingine. Akienda kwenye maduka ya spea, iwe ni Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, atawekewa mezani Zenith mpya ya kunakiliwa, Weber ya koo moja (koo ni njia ya hewa ndani ya kabureta), au Weber ya makoo mawili iliyofunguliwa kwenye Land Rover 110, na kila muuzaji atasifia ile aliyonayo kabatini. Ulinganisho huu unazihusu hizo tatu, pamoja na njia ya nne ambayo muuzaji hana sababu ya kuitaja, nayo ni kuifufua Zenith iliyomo garini tayari. Nimekuwa na Series III ndefu, ile ya 109, kwa miaka mingi nikiishi Arusha, na kwa nyakati tofauti nimeiendesha kwa Zenith yake, kwa nakala ya Zenith na kwa Weber ya koo moja. Ya makoo mawili nimeisimamia ikifungwa kwenye gari la jirani. Kwa maoni yangu, kwenye injini hii swali la kabureta ipi ina nguvu zaidi ni dogo kuliko swali la kabureta ipi itakaa juu ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa na mafuta kwenye silinda, bila kuvuja hewa wala mafuta.

Kwanza ithibitishwe kwamba kabureta ndiyo mbovu

Injini hii ilianza kutumika mwaka 1958 na kuendelea hadi miaka ya 1980, kwa hiyo zilizobaki barabarani zina umri wa miaka arobaini na zaidi, na uchakavu wake hauko kwenye kabureta peke yake. Gari linalokosa silensa, yaani mngurumo mtulivu wa injini bila kukanyaga akseleta, linalosita likikanyagwa akseleta na kukohoa mlimani laweza kuwa na kabureta iliyochoka, lakini pointi za distribyuta zilizoungua, kondensa mbovu, valvu ambazo nafasi yake imetoka kwenye milimita 0.25 inayotakiwa, au gasketi ya manifoldi iliyopasuka hutoa dalili zinazofanana kiasi cha kumdanganya hata fundi mzoefu.

Mimi nilidanganyika. Nilitoka Dar es Salaam na nakala mpya ya Zenith ndani ya boksi, nikamkabidhi fundi wangu wa Arusha, kijana mwenye tabia ya kutofungua kitu mpaka akisikilize kwanza. Aliwasha gari injini ikiwa bado ya baridi, akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza tone kwa tone kwenye maungio ya manifoldi, kuanzia silinda ya kwanza. Alipofika kwenye ya nne, injini iliyokuwa ikitetemeka ilitulia ghafla, ikapanda resi kwa sekunde mbili tatu, kisha ikarudi kutetemeka.

"Mzee, kabureta yako haijafa," alisema bila kuinua kichwa. "Hapa ndipo pananyonya hewa."

Tulibadilisha gasketi na boksi likarudi nyumbani likiwa halijafunguliwa. Anayetaka kufanya kipimo hicho akumbuke kwamba dawa ile huwaka kama petroli na kwamba kwenye injini hii manifoldi ya ezosi iko upande uleule wa manifoldi ya hewa, chini yake kidogo, hivyo kinachodondoka huangukia kwenye chuma cha moto. Kipimo hufanywa mara tu gari linapowashwa asubuhi, kwa kupuliza kidogo sana, kizima moto kikiwa karibu.

Zenith ya gari lenyewe

Zenith 36 IV ilichukua nafasi ya Solex kwenye magari haya mwishoni mwa miaka ya 1960, na namba 36 ni kipenyo cha koo lake kwa milimita pale kinapokaa kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ugonjwa wake mkuu unajulikana: mfuniko wa juu hupinda. Joto la miaka mingi na mikono ya mafundi wanaokaza skurubu kwa hasira huufanya uso wa mfuniko ujikunje pembeni, na oringi ndogo inayozuia mafuta yasipenye kati ya vipande viwili vya kabureta nayo hukauka na kuwa ngumu kama kucha. Hapo mafuta huteleza na kuingia kooni bila kupita kwenye jeti, yaani tundu dogo linalopima mafuta, gari hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi, na ulaji wa mafuta ambao kwa gari zima ni kilomita tano au sita kwa lita hushuka kwa namna ambayo mwenye gari huisikia mfukoni kabla ya kuisikia masikioni.

Kupima ni rahisi. Mfuniko ukifunguliwa na kufutwa vizuri, rula ya chuma husimamishwa kwa ubavu juu ya uso wake huku mwanga ukiwa nyuma, na mwanga ukipenya katikati au pembeni, mfuniko umepinda. Tiba yake ni kioo kinene kilicholazwa mezani, karatasi ya msasa ya maji iliyotandazwa juu yake, na mfuniko kusuguliwa polepole kwa mkono mwepesi hadi uso wote ung'ae sawasawa, na kazi hiyohiyo irudiwe kwa uso wa chini. Baada ya hapo huwekwa oringi mpya, sindano mpya ya floti (boya linalodhibiti kimo cha mafuta kwenye chemba) na sehemu mpya za pampu ya akseleta, vitu ambavyo huuzwa pamoja kama kiti ya kufanyia sevisi.

Kikwazo cha kweli ni shafti ya kipepeo. Ikitikisika kwenye matundu yake, hewa hupita pembeni, na hakuna skurubu ya silensa itakayotibu hilo. Inabidi kabureta ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea ili matundu yatanuliwe na kuwekewa bushi. Ambako fundi wa namna hiyo hayupo, Zenith hiyo imefika mwisho wake. Lakini ambayo shafti yake bado imebana ningeifufua kabla ya kufikiria kitu kingine chochote, kwa sababu kila kilichoizunguka, yaani fito za akseleta, waya wa choki, kiwiko cha kusafirisha hewa kutoka kwenye chujio la oili na bomba la vakyumu la distribyuta, kilitengenezwa kwa ajili yake na kinakaa mahali pake bila kubembelezwa.

Nakala ya Zenith

Lile boksi nililifungua mwaka uliofuata, kwa udadisi zaidi kuliko kwa haja. Kwa macho kabureta ile ilikuwa nzuri kuliko ya kwangu, lakini nilipoishika shafti ya kipepeo kwa vidole viwili na kuisukuma huku na huku, ilicheza, tena ikiwa mpya. Tuliifunga hata hivyo. Sindano ya floti haikukaa sawasawa kwenye kiti chake, chemba ikafurika, petroli ikaanza kutona juu ya manifoldi, na fundi akazima gari kabla sijajua kuna nini.

Sisemi kwamba kila nakala ni ya namna hiyo, kwa kuwa nimeona nyingine zikifanya kazi kwa miaka. Tatizo ni kwamba mnunuzi hawezi kujua kwa kusoma boksi, na jina lililoandikwa juu yake halithibitishi chochote. Anayeamua kununua aifanye kazi ya ukaguzi palepale dukani: atikise shafti, afungue kipepeo hadi mwisho na kukiachia aone kama kinarudi chenyewe bila kukwama, ageuze kabureta juu chini na kupuliza hewa kwa mdomo kwenye tundu la kuingizia mafuta ili ahakikishe sindano inaziba, na aweke rula juu ya uso wa kukalia. Muuzaji asiyeruhusu kabureta ishikwe amekwisha kujibu swali. Faida ya nakala nzuri ni ileile ya Zenith halisi, yaani kwamba inaingia bila kubadilisha kitu. Zaidi ya hapo ni bahati nasibu.

Weber ya koo moja

Kampuni ya Weber ilianzia Bologna, Italia, mwaka 1923, lakini kabureta zake halisi za siku hizi hutengenezwa Hispania, kwa hiyo anayeiona Hispania imetajwa kwenye boksi asidhani ameuziwa feki. Inayofungwa badala ya Zenith ni 34 ICH. Imeundwa kwa urahisi zaidi, haina ule mfuniko unaopinda, na jeti yake ya silensa huchomolewa kutoka nje bila kufungua kabureta.

Namba 34 inasema jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Koo lake ni dogo kuliko la Zenith kwa milimita mbili, kwa hiyo kwenye mwendo wa kawaida huleta mwitikio safi na mara nyingi nafuu ya mafuta, lakini injini inapotakiwa kuvuta hewa nyingi, pumzi hupungua. Kwenye barabara ya Arusha hadi Makuyuni sikuona tofauti yoyote isipokuwa kwenye kituo cha mafuta, ambako ilinifurahisha. Kwenye kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, gari likiwa na watu na mizigo, nililazimika kurudisha gia mapema kuliko nilivyozoea. Kwa gari ambalo hata lilipokuwa jipya lilikuwa na nguvu ya farasi 70 hivi, mimi niliona hilo ni badilishano la haki. Mwenye kubeba shehena milimani kila siku huenda asikubaliane nami.

Udhaifu wake wa pili ni vumbi na uchafu wa mafuta. Tundu la jeti ya silensa ni jembamba mno, na chembe moja inatosha kulifanya gari lizime kila linaposimama huku likienda vizuri likiwa kwenye mwendo. Chujio dogo kwenye mpira wa mafuta, kabla ya kabureta, si pambo. Tena Weber haikai moja kwa moja kama Zenith: huja na kipande cha kuungia chini, kiwiko tofauti cha hewa juu, na mabadiliko madogo kwenye fito za akseleta na waya wa choki. Atakayenunua ya mtumba bila vipande hivyo atakuwa amenunua nusu ya kabureta, na nusu iliyobaki itatengenezwa gereji kwa bati na bahati.

Weber ya makoo mawili, na neno moja juu ya SU

Weber 32/34 DMTL ndiyo iliyokuwa kwenye 110 za petroli za miaka ya 1980. Koo la kwanza hufanya kazi peke yake kwenye mwendo wa taratibu, na la pili hufunguka akseleta ikikanyagwa sana, hivyo kwa hesabu za karatasini inatoa nafuu ya koo dogo na pumzi ya koo kubwa kwa pamoja.

Kwenye gari la jirani tuliipata na manifoldi yake, na gari lile lilibadilika kweli. Lakini injini yake ilikuwa imetoka kufanyiwa ovahoo, na manifoldi iliyokuja na kabureta ndiyo iliyofanya kazi iwe ya siku moja badala ya wiki. Anayekalisha makoo mawili juu ya manifoldi ya tundu moja kwa kutumia bamba la kuungia analazimisha njia mbili za hewa zikutane mlangoni, na sehemu kubwa ya faida aliyoifuata hupotelea hapohapo. Kwa injini ambayo ringi zake zimechoka, koo la pili ni njia ya kuchoma mafuta zaidi bila kwenda mbele zaidi. Kuna pia suala la marekebisho, kwa kuwa jeti ni seti mbili na fundi wa barabarani aliyezoea kabureta ya koo moja aweza kuivuruga kwa nia njema kabisa.

SU, aina nyingine ya kabureta ambayo koo lake hupanuka lenyewe kwa pistoni inayopanda na kushuka kulingana na uvutaji wa injini, ina wapenzi wake na ni mashine nzuri. Inahitaji manifoldi au kiungio chake, oili ndani ya kikombe cha juu, na mtu anayeielewa. Kwa aliye mbali na mtu huyo siishauri.

Kwa hiyo chaguo langu ni hili: Zenith halisi ifufuliwe ikiwa shafti imebana, ikiwa imelegea na hakuna wa kuikereza, inunuliwe Weber ya koo moja iliyo kamili na vipande vyake vyote, na ya makoo mawili iachiwe injini iliyo nzima, tena ije na manifoldi yake. Nakala ya Zenith ningeinunua tu pale gari limesimama na kazi haingoji.

Jeti na mwinuko wa mahali

Jambo hili halitajwi dukani, ingawa kwetu lina uzito kuliko jina la kabureta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Arusha karibu 1,400, na hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Kabureta haijui hilo. Huendelea kumimina mafuta karibu kwa kiasi kilekile, mchanganyiko ukazidi mafuta, na kabureta iliyopangwa vizuri Ulaya au pwani huku juu ikatoa moshi na kulaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Namba ya jeti ya Weber ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ya 140 ina tundu la milimita 1.40, na kushuka hadi 135 kunapunguza eneo la tundu kwa asilimia 7. Gari lisiloshuka pwani kamwe linastahili hatua moja hiyo. Lakini gari linalokwenda Dar es Salaam au Tanga mara kwa mara lisipunguziwe jeti kwa ajili ya Arusha, kwa sababu likifika chini mchanganyiko utapungua mafuta, injini itapata joto na kugonga, na valvu zaweza kuungua. Masizi kwenye plagi husafishwa kwa brashi. Valvu iliyoungua huvua kichwa cha injini. Na asiwepo anayepanua jeti kwa waya au sindano ya kushonea, kwa maana tundu likishaharibiwa namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena.

Kufunga

Injini iwe imepoa na waya wa betri umefunguliwa. Kabla ya kugusa nati, fito zote zipigwe picha kwa simu, kwa kuwa mpangilio wa akseleta wa Land Rover unaonekana wazi unapoufungua na unakuwa fumbo unapoufunga. Kabureta ya zamani ikitoka, mdomo wa manifoldi uzibwe mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Nati ikidondoka humo, kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku tatu.

Gasketi za zamani zikwanguliwe zote, na kila uso upimwe kwa rula kama ulivyopimwa mfuniko. Kipande kinene kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi kisitupwe ikiwa kabureta mpya inakihitaji, kwa sababu kazi yake ni kuzuia joto lisipande na kuyachemsha mafuta kwenye chemba. Gasketi ziwekwe kavu, bila silikoni, kwa kuwa silikoni huvimba ikikutana na petroli na vipande vyake huishia kwenye jeti. Nati zikazwe kidogo upande huu na kidogo upande ule hadi zishike, kisha robo ya mzunguko, na ziachwe. Anayeendelea kuzivuta ndiye anayepinda kabureta ya kesho.

Kabla gari halijawashwa, mtu mmoja akanyage akseleta hadi chini huku mwingine akitazama kipepeo. Kisipofika mwisho, nguvu inayotafutwa imefungiwa kwenye fito. Kisiporudi chenyewe kwa springi mguu unapotoka, gari lisiondoke. Choki nayo ifunguke kabisa waya ukisukumwa ndani. Mpira wa mafuta upite mbali na ezosi na ufungwe kwa klipu pande zote mbili, kisha pampu ijaze chemba na kila kiungio kikaguliwe kwa kidole kikavu.

Skurubu ya mchanganyiko ifungwe taratibu mpaka iguse, bila kukazwa, kwa sababu ncha yake ikibanwa huchimba kiti chake, kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Injini ikishapata joto kamili na choki ikiwa imefunguka, isogezwe robo kwa robo hadi mngurumo uwe wa juu na laini kuliko pengine pote, na silensa irudishwe chini kwa skurubu ya kipepeo.

Baada ya safari ya kilomita mia moja, injini ikiwa imepoa, nati zikaguliwe tena, kwa kuwa gasketi mpya hulala kidogo, na plagi zote nne zitolewe na kupangwa mezani kwa mfuatano wake. Rangi ya kahawia iliyopauka kwenye zote ni salama. Zikiwa nyeusi zote, na choki haikusahauliwa, tazama kimo cha floti na namba ya jeti. Tatu zikiwa za kahawia na ya nne nyeupe, usiiguse kabureta; rudi kwenye gasketi ya manifoldi.